Kaka, hayo mambo hayatatulia

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, na ujumbe naona unausoma kisha unaunyamazia. Jibu lako limenifikia kupitia kwa shangazi, naye alimpa mama mdogo aniletee: "Mwambieni sigara nitaacha mambo yakitulia." Nimelala nalo siku nyingi. Nimeamua nikujibu hapa palipo wazi, kwa sababu najua binti yako anasoma ninayoandika na atakusomea, na kwa sababu nyumba zenye kaka kama wewe ni nyingi. Jina lako silitaji. Wanaokujua watakujua.

Mambo yakitulia. Yatatulia lini, kaka?

Kabla hujaoa ulisema ukishaoa. Ukaoa, wifi akapata ile mimba ya shida, ukasema siyo wakati wake. Mtoto akazaliwa salama, tukamshukuru Mungu, ukaingia kwenye ule mgogoro wa shamba na watu wa Usoke. Mgogoro ukaisha, mwaka ule ule mteuzi, yule anayepima ubora wa majani sokoni, akashusha daraja la tumbaku yenu, deni la mbolea likabaki kwenye chama cha msingi cha ushirika. Halafu baba akaanza kuumwa. Kila mara ulikuwa na sababu, na sababu zako zote zilikuwa za kweli. Sijawahi kukuona ukisema uongo. Tangu ulipoacha shule kidato cha pili ili ada ya mmoja wetu ipatikane, na huyo mmoja nikawa mimi, mzigo hujawahi kuutua. Nikiwa chuoni ulinitumia hela ya mauzo kabla hata hujanunua bati zako. Hayo siyasahau, na sipendi mtu anayeniambia kwamba nimeyasahau.

Leo una deni la baba, presha ya mama, ada za watoto, na mabani mawili ya kukaushia tumbaku yanayotaka kuezekwa upya. Mtu akiyatazama hayo atasema mwacheni avute, hana starehe nyingine. Wajomba wamesema hivyo hivyo. Mimi nimekataa.

"Usinifanyie unesi," uliniambia. Leo nivumilie kidogo, kwa maana hili ndilo jambo ambalo kila siku nalikuta wodini na kila siku nakukumbuka wewe. Ukivuta, nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana mabega yanashuka na unatoa ile pumzi ndefu. Baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu, na mwili uliozoea unaanza kudai. Vidole havitulii. Kichwa kinabana. Unamkaripia mtoto kwa kumwaga maji. Vijana wa huku Dar wanaiita arosto. Wewe unaiita mawazo. Unatoka nje, unawasha, unapata nafuu pale pale, na unaamini kwamba sigara imekusaidia kubeba deni la chama cha msingi. Deni halijapungua hata shilingi. Kilichotulia ni ile arosto, nayo uliletewa na sigara iliyotangulia.

Sikutunga mimi haya. Andy Parrott, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliyaandika mwaka 1999: mvutaji akiwasha anarudi tu kwenye hali ambayo asiyevuta anayo muda wote. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ likatoa uchambuzi wa tafiti 26 zilizowapima watu kabla na baada ya kuacha, wakalinganishwa na walioendelea kuvuta. Walioacha walipungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo, na hata wale waliokuwa tayari na maradhi ya akili waliipata nafuu hiyo. Umeelewa ninachosema? Wewe unangoja utulivu ndipo uache, na sehemu ya utulivu unaoungoja iko upande wa pili wa kuacha. Huku uliko hutaupata.

Tena wewe ushahidi unao mwenyewe. Kila Ramadhani unafunga. Kuanzia alfajiri mpaka magharibi ni zaidi ya saa 13 hujagusa sigara, na saa hizo uko shambani, juani, bila maji, na wadai wako wanakupigia simu kama kawaida. Mwaka ule wa mgogoro wa Usoke ulikwenda barazani ukiwa umefunga, ukaongea kwa upole kuliko wote. Baba alikusifu. Jioni ulifuturu tende mbili, uji hukuumaliza, ukatoka nje kuvuta. Nilikuangalia mgongo wako pale mlangoni nikajiuliza: mtu huyu mchana kutwa ameweza, na kilichombadilisha ni adhana tu?

Utasema kufunga ni ibada, Mungu anakusaidia. Nami nakuuliza, Mungu huyo ana msaada wa mwezi mmoja?

Sasa niseme la siku ya arobaini ya baba. Najua ulitaka lisisemwe tena, na shangazi ameniomba nilifunike. Siwezi.

Khitma ilikuwa imekwisha, mmekaa chini ya mwembe, sahani zimeanza kutoka. Mimi niko motoni na akina mama, kwenye lile sufuria kubwa la pilau. Ukamwita mwanangu. Nilisikia sauti yako, ile sauti nzuri unayowaitia watoto, wanayoipenda wote. Nikadhani unamtuma maji ya kunawa. Akaja anakimbia na sigara mkononi, akachuchumaa pale mafigani, akaigusisha kwenye kaa. Haikushika. Akaigusisha tena. Unajua sigara haiwaki hivyo, lazima mtu aivute. Mtoto wa miaka 11 akaiweka mdomoni, mashavu yakaingia ndani, ncha ikawa nyekundu. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Na wale mama wakacheka. Mmoja akasema, "Eeh, huyu sasa mwanaume!"

Akakuletea mbio, anajivuna. Ukaipokea, ukafuta kile kipande cha kushika mdomoni kwa kidole gumba, ukaiweka.

Baba alikuwa akifuta hivyo hivyo. Kwa kidole hicho hicho. Baba alikuwa akikutuma wewe kwenye moto wa bani ukiwa mdogo kuliko mwanangu, nami nilikuwa pale, nimefunikwa gunia uliloniwekea ili nisipigwe na baridi ya usiku, nakuona ukienda na kurudi. Hukuanza sigara ujanani kama unavyowaambia watu. Ulianzishwa kwa kutumwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, baba alikuwa anatumia mkono wa mwanawe wa kwanza kama baba yeyote. Lakini baba yule yule ndiye tuliyekuwa tumemzika siku 40 nyuma kwa sababu ya kifua.

Ndipo nikaja upande wa wanaume. Naam, kwa kanga ya jikoni, na mwiko mkononi. Nikaitoa sigara mdomoni kwako nikaikanyaga. Ukasema, "Leo? Siku ya baba?" Nami nikasema yale niliyosema, na watu wakayasikia, mpaka sheikh akainamisha kichwa. Ukasimama ukaniambia nirudi Dar na unesi wangu, kwamba huwezi kuacha kitu chochote sasa hivi kwa kuwa baba amekuachia dunia nzima kichwani.

Wanasema nilikuvunjia heshima. Wanasema mdogo hamnyang'anyi mkubwa kitu mdomoni, mwanamke hafanyi hivyo mbele ya khitma. Wametaka niombe radhi kwa kikao. Kaka, heshima yako naijua kuliko wao. Wao wanakuheshimu kwa kukaa kimya wakikutazama unavyokwisha. Ningenyamaza siku ile, mwanangu angejua kwamba alichofanya ni sawa, na wale mama wangemcheka vizuri zaidi mara ya pili. Hata sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na sisi tunawatuma watoto dukani wakanunue moja moja, kisha wakatuwashie. Ilibidi mtu mmoja asimame. Nilisimama mimi. Laiti ningekusubiri jioni nikakuita pembeni, ungenisikiliza? Mara ngapi nimekuita pembeni?

Na lile neno lako la mwisho, la kwamba tumbaku ndiyo iliyonisomesha na leo naitukana. Hili limeniuma kuliko mengine, kwa hiyo nalijibu. Kweli imenisomesha. Yametusomesha yale majani, mikono ya mama iliyokuwa nyeusi kwa gundi yake mpaka sabuni ikashindwa, usiku tuliokesha tukilisha kuni bani wakati wenzetu wamelala. Wilaya nzima ya Urambo imesomeshwa nayo. Unakumbuka asubuhi zile za kuchuma majani yakiwa na umande, mimi natapika na kichwa kinazunguka, mama anasema ni njaa? Nilikuja kujua nikiwa chuoni. Jani bichi likilowa, nikotini inapita kwenye ngozi. Tulikuwa tunalishwa nikotini kabla ya kujua kusoma. Sasa mtu akishapewa kitu hicho na shamba, na bani, na baba, anadaiwa nini tena na tumbaku? Wewe umeshailipa. Ulilipa kwa shule yako. Hakuna haja ya kuongeza na mapafu.

Baba naye alikuwa anangoja. Umesahau? "Tukishalipwa." "Mvua zikishika." "Nyinyi mkimaliza shule." Tulimaliza. Tulipokuja kumlaza alikuwa hawezi kutoka kitandani mpaka dirishani bila kupumzika katikati. Daktari alisema njia za hewa zimeziba na hazitafunguka tena. Aliacha sigara siku ile aliyokosa pumzi ya kuivutia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mtungi wa oksijeni akienda kujisaidia. Wewe ulikuwa unakuja jioni, unamsalimia, unatoka nje ya geti, unarudi unanukia. Naye alikuwa anaisikia ile harufu. Hukumwona macho yake kwa kuwa ulikuwa umeshamgeuzia mgongo kupanga chakula. Niliona mimi.

Nisamehe, hili sikupanga kuliandika hapa mbele za watu. Lakini limeshatoka.

Turudi kwenye wakati, maana ndilo unaloniambia: kwamba siyo wakati. Sikatai kwamba kuna siku mbaya kuliko nyingine. Wiki ya kwanza ya msiba nisingekugusa, na kweli sikukugusa. Usiku wa kuwasha bani, mkiwa wanaume wanne mnakesha na pakiti inazunguka, nisingekuambia uanze usiku huo. Lakini soko limekwisha na vitalu vya miche bado. Hivi sasa unavyosomewa haya, una majuma kadhaa ambayo hakuna bani linalowaka. Utulivu mkubwa kuliko huo shamba la tumbaku halina, wewe ni shahidi.

Siku tatu za kwanza zitakuwa ngumu, sitaki kukudanganya. Hasira, usingizi kukatika, njaa ya ajabu, mawazo ya baba kukujia yote kwa mpigo. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Baada ya hapo inaanza kulegea, na kwa watu wengi ndani ya majuma mawili mpaka manne yale makali yanakuwa yamepita. Kwa hiyo wiki hiyo usifanye kikao na mtu yeyote wa chama cha msingi. Mwambie mama, mwambie wifi, wajue kwamba ukifoka ni arosto inayofoka. Asubuhi kunywa uji badala ya ile chai ya rangi unayoinywa na sigara, angalau kwa siku hizo, kwa maana vikombe na sigara zako vimezoeana. Ukishikwa, ondoka ulipo, tembea mpaka relini urudi. Hamu yenyewe haidumu, dakika chache tu inapanda na kushuka, hata usipoipa kitu.

Na hili la "nimepunguza" uliloniambia mwaka jana. Kupunguza siyo vibaya, lakini usilitumie kama kigoda cha kukalia. Waliwahi kujaribu Uingereza na watu 697, wengine wakaambiwa wapunguze kidogo kidogo kwa majuma mawili mpaka siku yao ya kuacha, wengine waendelee kama kawaida halafu siku hiyo waache zote. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Baada ya majuma manne, walioacha kwa mara moja waliobaki bila sigara walikuwa 49 katika kila 100, wale wa kidogo kidogo 39. Kuna na utafiti mwingine wa huko huko, wa 2006, uliowauliza watu jinsi walivyojaribu kuacha. Karibu nusu ya majaribio hayakupangiwa tarehe yoyote. Mtu aliamka tu akasema basi. Na hayo yasiyopangwa ndiyo yaliyodumu nusu mwaka au zaidi kwa wingi kuliko yaliyopangwa. Sikuambii ukurupuke. Nakuambia kwamba kalenda yako nzuri, ya baada ya deni na baada ya mabani na baada ya mirathi, haina baraka unayoidhania.

Usifanye peke yako kwa ubishi. Najua ubishi wako. Bigijii na plasta za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Zinaupa mwili ile nikotini bila moshi, halafu unashusha taratibu. Nitazitafuta huku nikuletee mwenyewe au nizipe basi. Siyo udhaifu kuzitumia. Mama anakunywa dawa ya presha na hakuna anayemwita mdhaifu.

Unakaribia hamsini, kaka. Mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza kwa miaka 50, kuanzia 1951, wakaona waliovuta sigara maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Aliyeacha akiwa na miaka 40 alijirudishia kama miaka 9. Aliyeacha akiwa na 50, kama 6. Akiwa na 60, 3. Hesabu hii nimeifanya na umri wako mara nyingi, usiku, nikiwa zamu. Kila "mambo yakitulia" unaloliagiza kupitia kwa shangazi lina bei yake humo ndani, na anayeilipa siyo wewe tu. Mimi nilishashika mtungi mmoja. Sitaki kushika wa pili.

Ninakupenda, na hilo ulitumie unavyotaka, hata kunisema kwenye kikao. Na kikao nitakuja. Nitakaa chini, nitawasikiliza wajomba mpaka wamalize, kisha nitasema tena niliyosema.

Jambo moja la mwisho, na hili linahitaji jibu. Shule zikifungwa Desemba mwanangu anataka kuja kwako kama kila mwaka. Ameshaanza kuuliza kama utamfundisha baiskeli ile kubwa ya baba. Sijamwambia ndiyo wala hapana. Nataka uniambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, siyo kupitia kwa shangazi wala mama mdogo, kwamba akiwa kwako hatatumwa sigara dukani na hatawasha sigara ya mtu yeyote, hata yako. Ukiniambia hivyo tu, nakata tiketi yake. Kesho niko zamu ya asubuhi, kuanzia saa tisa mchana simu iko wazi. Piga.